Programu za Kuiga Terminali katika Kompyuta Binafsi: Sifa na Upatikanaji Wake kwa Mtumiaji wa Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua sifa za programu zinazoiwezesha kompyuta binafsi kufanya kazi ya terminali, pamoja na njia ambazo mtumiaji aliye mbali na miji mikuu anaweza kuzitumia ili kuzipata. Eneo linalorejelewa ni wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, hususani mji wa Kilosa ulio kwenye Reli ya Kati, na mji wa Mikumi ulio kando ya barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu linaonesha vizuri hali ya mtafiti wa uwandani: yumo nchini, mtandao anao, lakini mtandao huo haumwahidi chochote. Milima ya Rubeho na Ukaguru huikinga minara ya simu, umeme hukatika, na kifurushi cha intaneti hununuliwa kwa fedha ya mfukoni.

Suala linalojadiliwa si la mafundi peke yao. Mtafiti wa Kiswahili anayeshughulikia matini nyingi, tuseme maneno milioni kadhaa, hawezi kuyachakata yote katika kompyuta ndogo aliyonayo chumbani. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotolewa mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Helsinki kwa kushirikiana na kituo cha CSC cha Finlandi, ni mfano wa hazina ya namna hiyo: matini zimehifadhiwa katika seva iliyo maelfu ya kilomita kutoka kwa wazungumzaji wa lugha yenyewe. Leo korpasi hiyo husomwa kwa kivinjari. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kuendesha programu zake mwenyewe juu ya matini zake mwenyewe, katika seva ya chuo chake au ya kukodi, bado hulazimika kuingia kwa njia ya maandishi. Njia hiyo ndiyo mada yetu.

Neno moja kuhusu istilahi. Wapo wanaopendelea kitenzi "kuigiza" kwa dhana hii. Makala haya yanatumia "kuiga" kwa sababu "kuigiza" kumekwisha kufungamana na jukwaa na wahusika, ilhali programu hizi hazina hadhira ya kufurahisha; zinatenda kama kifaa fulani kilivyotenda ili kompyuta iliyo upande wa pili isitambue tofauti.

2.0 Kinachoigwa

Terminali halisi ilikuwa kifaa chenye kibodi na skrini, kisicho na uwezo wa kuchakata chochote cha maana. Kilipeleka herufi kwenye kompyuta kubwa na kuonesha herufi zilizorudi. Kabla ya skrini palikuwapo mashine za kuchapa kwa simu, ambazo ziliandika juu ya karatasi. Kumbukumbu yake imebaki hadi leo katika kifupi "tty" kinachotumiwa na mifumo ya Unix na Linux kutaja terminali. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuona simu ya maandishi ikipokewa katika ofisi ya posta amekwisha kuona asili ya jambo hili.

Kifaa kinachoigwa zaidi ni VT100, kilichotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1978. Skrini yake ilikuwa na safu 80 na mistari 24. Jambo lililokifanya kidumu si umbo lake bali lugha yake. Kilikubali misimbo ya udhibiti inayoanza na herufi isiyoonekana, namba 27 katika mfumo wa ASCII, na misimbo hiyo ilifuata kanuni zilizosanifishwa chini ya majina ECMA-48 na ANSI X3.64. Kompyuta ikituma herufi hiyo ikifuatiwa na "[2J", skrini hufutwa, ikituma "[31m", maandishi yanayofuata hugeuka mekundu katika vifaa vyenye rangi. Karibu kila programu ya kuiga terminali iliyopo sasa inaelewa lugha hii, pamoja na nyongeza zilizoletwa baadaye na xterm, programu iliyoanza kuandikwa mwaka 1984.

Nchini Tanzania, terminali halisi hazikupata nafasi ya kuenea. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ilipolegezwa, ulimwengu ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye kompyuta binafsi. Matokeo yake ni kwamba mtumiaji wa wilayani huipokea nakala bila kuwahi kuuona mfano wake wa asili, na dirisha jeusi lenye maandishi humtisha kana kwamba ni hitilafu. Kwa maoni ya mwandishi, hofu hiyo huwazuia watafiti wengi zaidi kuliko bei au ugumu wa amri zenyewe.

3.0 Sifa za Msingi

Sifa ya kwanza ni uaminifu wa kuiga. Programu inayosema inaiga VT100 lakini haitekelezi misimbo yote huvuruga skrini: mistari hupandiana, kishale huonekana mahali pasipo pake. Ndiyo maana seva huuliza jina la terminali kabla ya kuandika chochote, na jina linalotolewa mara nyingi ni "xterm-256color". Mtumiaji anayeona skrini iliyovurugika aanze kwa kulinganisha jina hilo na programu anayoitumia kabla ya kulaumu mtandao.

Sifa ya pili ni aina za muunganisho. Ipo Telnet, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1969 na ambayo hupitia lango namba 23. Telnet hupeleka kila kitu waziwazi, pamoja na neno la siri. Yeyote aliye njiani anaweza kusoma. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliandika SSH baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo hicho. SSH husimba mawasiliano yote na hupitia lango namba 22. Mwaka 1999 watu wa mradi wa OpenBSD walitoa OpenSSH, toleo huria ambalo sasa limo katika mifumo mingi. Katika mgahawa wa intaneti au nyumba ya wageni ya Mikumi, ambamo watu wasiofahamiana hutumia mtandao mmoja usio na waya, hakuna sababu yoyote ya kutumia Telnet kwa seva yenye data za watafitiwa. Mtafiti aliyewaahidi watoa taarifa wake usiri kisha akapitisha sauti na majina yao kwa Telnet atakuwa amevunja ahadi hiyo, hata kama hakuna aliyechungulia.

SSH ina kipengele ambacho watumiaji wengi hukipuuza. Mara ya kwanza kuunganishwa, programu huonesha alama ya utambulisho wa seva na kuuliza kama mtumiaji anaikubali. Swali hilo si la adabu. Mtumiaji anapaswa kuwa na alama hiyo mapema kutoka kwa msimamizi wa seva, kwa simu au kwa karatasi, ili ailinganishe. Alama ikibadilika siku nyingine bila taarifa, asiendelee.

Sifa nyingine zinatajwa kwa ufupi kwa kuwa zinafanana katika programu nyingi: kuhifadhi mipangilio ya kila seva kwa jina, kurudisha nyuma maandishi yaliyokwisha kupita, kunakili na kubandika, kubadilisha ukubwa wa herufi, na kuandika kumbukumbu ya kikao katika faili. Hii ya mwisho inamfaa mtafiti kuliko anavyodhani, kwa sababu ni daftari linalojiandika lenyewe la hatua alizochukua katika uchakataji, na mtahini akiuliza takwimu fulani ilipatikanaje, jibu lipo.

4.0 Muunganisho Dhaifu

Hapa ndipo penye uzito kwa mtumiaji wa Kilosa. Tuanze na hesabu. Skrini ya safu 80 na mistari 24 ina herufi 1,920. Kwa maandishi ya kawaida ya Kiswahili kila herufi ni baiti moja, hivyo skrini nzima iliyojaa ni chini ya kilobaiti 2. Picha ya skrini ya kompyuta ndogo yenye nukta 1366 kwa 768, kila nukta ikichukua baiti 3, ni baiti 3,147,264 kabla ya kubanwa. Picha moja ni sawa na skrini za maandishi zaidi ya 1,600. Ni kweli kwamba programu za kuonesha skrini ya mbali hubana picha na kupeleka sehemu zilizobadilika tu, na ni kweli pia kwamba SSH huongeza bahasha yake juu ya kila herufi inayopigwa. Hata hivyo tofauti inabaki kubwa kiasi kwamba kikao cha maandishi huendelea pale simu inaposhuka kutoka 4G hadi 2G, wakati skrini ya mbali imekwisha kuganda.

Kasi na ucheleweshaji ni mambo mawili tofauti, na watumiaji huyachanganya. Muunganisho wa satelaiti iliyo umbali wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta unaweza kuwa na kasi ya kutosha, lakini herufi inayopigwa hupanda, hushuka, hufika kwenye seva, kisha hurudi kwa njia hiyohiyo. Safari hiyo huchukua zaidi ya nusu sekunde. Kwa kuwa SSH huonesha herufi baada tu ya seva kuirudisha, mwandishi huandika gizani na kugundua makosa akiwa amekwisha kuyapita. Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT walishughulikia tatizo hili mwaka 2012 kwa programu iitwayo Mosh. Mosh hukisia herufi itakayoonekana na kuiandika papo hapo, ikiipigia mstari hadi seva ithibitishe. Zaidi ya hapo, haivunji kikao mtumiaji anapobadilisha mtandao au anapofunga kompyuta: abiria anaweza kuifunga Mikumi na kuifungua Morogoro, kikao kikaendelea. Upungufu wake ni kwamba lazima iwekwe pia kwenye seva, na seva iruhusu malango ya UDP kati ya 60000 na 61000, jambo ambalo wasimamizi wengi wa mitandao ya vyuo hawalipendi. Vilevile Mosh haihifadhi maandishi yaliyopita juu ya skrini.

Pale Mosh isiporuhusiwa, zipo dawa mbili zinazofanya kazi popote. Ya kwanza ni kuiagiza programu ya kuiga terminali itume ishara ndogo kila baada ya sekunde 30 au 60. Mitambo ya kampuni za simu hufuta muunganisho uliokaa kimya, na ishara hiyo huuzuia usionekane umekufa. Katika PuTTY mpangilio huu huwa sifuri mtumiaji asipougusa, yaani hautumiki.

Dawa ya pili ni muhimu zaidi, nayo haimo katika kompyuta ya mtumiaji bali kwenye seva: programu za GNU Screen, iliyoanza mwaka 1987, na tmux, iliyoanza mwaka 2007. Bila programu hizi, muunganisho ukikatika, seva huidhania terminali imeondolewa na kuua kazi yote iliyokuwa ikiendeshwa humo. Uchakataji wa saa sita huweza kufa katika saa ya tano kwa sababu umeme wa Kilosa umekatika na mnara umezimika. Mtumiaji akiingia, akaandika "tmux" kabla ya kuanza kazi, seva huishikilia terminali hiyo upande wake. Umeme ukirudi, au asubuhi ya pili, huingia tena na kuandika "tmux attach", akaikuta kazi ilipofikia au imekwisha. Kilosa inaufahamu mkatiko: mafuriko ya Mto Mkondoa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa reli, na mizigo ikasubiri. Tofauti ni kwamba katika tmux gari huendelea na safari hata njia ya kwenda kulitazama ikiwa imekatika. Iwapo msimamizi wa masomo angeruhusiwa kumfundisha mwanafunzi wa uwandani amri moja tu, iwe hii.

5.0 Upatikanaji

Swali la upatikanaji lilikuwa gumu zamani kuliko sasa. Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha Kermit mwaka 1981, programu iliyounganisha terminali na uhamishaji wa faili kwenye laini mbovu, na nakala zake zilisambazwa kwa disketi na kwa utepe hadi nchi nyingi. Baadaye Windows 95 ilikuja na HyperTerminal, ambayo iliondolewa kuanzia Windows Vista, na wengi wakabaki wakitafuta mbadala.

Mbadala uliopatikana ni PuTTY, iliyoandikwa na Simon Tatham wa Uingereza na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Haina malipo, msimbo wake uko wazi, faili lake ni megabaiti chache, na huendeshwa bila kusakinishwa. Mtu anaweza kuibeba katika diski mweko na kuitumia katika kompyuta ya maktaba. Inaiga xterm na VT100, inaunganisha kwa SSH, kwa Telnet na kwa kebo. Udogo wake huifaa kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu haba.

Urahisi huo una hatari yake. Kwa kuwa watu huinakili PuTTY kutoka mkono hadi mkono, hakuna ajuaye nakala aliyopewa ilitoka wapi, na mwaka 2015 kampuni ya usalama ya Symantec iliripoti nakala bandia iliyoiba maneno ya siri. Hata nakala halali huzeeka. Mwezi Aprili 2024 ilibainika kwamba matoleo ya PuTTY kuanzia 0.68 hadi 0.80 yalikuwa na kasoro iliyowezesha ufunguo wa siri wa aina ya ECDSA P-521 kukokotolewa kutokana na saini zake, toleo 0.81 lilirekebisha. Aliyetumia ufunguo wa aina hiyo hakutakiwa kubadilisha programu tu bali kuuacha ufunguo wenyewe. Kwa hiyo ushauri wa kwamba nakala ya mwaka ule bado inafanya kazi hautoshi.

Mtumiaji wa Windows 10 au 11 huenda hahitaji kupakua chochote. Tangu toleo la Windows 10 la Aprili 2018, mteja wa OpenSSH umo ndani, na mtu huandika "ssh" katika dirisha la amri. Windows Terminal, iliyofikia toleo la kwanza kamili mwaka 2020, huongeza vichupo na rangi. Linux huja na terminali yake, iwe GNOME Terminal, Konsole au xterm, na macOS vivyo hivyo. Kwa mwenye simu ya Android pekee, ambaye wilayani ndiye wa kawaida, ipo Termux, ambayo hugeuza simu kuwa terminali yenye SSH na hata Mosh. Programu za kulipia, kama SecureCRT, zinafaa taasisi zenye mahitaji ya pekee. Kwa mtafiti binafsi hazimwongezei kitu cha thamani ya bei yake.

Inabaki kebo. Fundi anayetoka katika chuo cha ufundi stadi, kama kile cha VETA kilichopo Mikumi, akiajiriwa kutunza mtandao wa shule au hospitali, atakutana na swichi na ruta zinazopangwa kwa kebo kabla hazijapata anwani ya mtandao. Vifaa vya Cisco husubiri kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, na biti moja ya kikomo. Kasi ikikosewa, skrini hujaa herufi zisizosomeka, na hilo ni dalili njema kwa kuwa linathibitisha kebo ni nzima. Kompyuta za siku hizi hazina tundu la kebo hiyo, hivyo huhitajika adapta ya USB. Adapta za bei nafuu mara nyingine hubeba chipu za kughushi. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa kiendeshi kilichozizima chipu zilizoghushi jina lake, na adhabu ikamwangukia mnunuzi ambaye hakuwa na njia ya kutambua. Adapta ijaribiwe dukani kabla ya kulipiwa.

6.0 Maandishi ya Kiswahili katika Terminali

Husemwa kwamba Kiswahili kwa hati ya Kilatini hakina tatizo katika kompyuta kwa sababu herufi zake zote zimo katika ASCII. Kauli hiyo ni kweli isipokuwa kwa alama moja, ritifaa ya ng'. Katika programu inayopokea amri, ritifaa hufungua nukuu. Mtu akiandika "cat ng'ombe.txt" na kubonyeza kitufe cha kuingiza, hapati faili wala ujumbe wa kosa, hupata alama ya ">" na ukimya, kwa kuwa kompyuta inasubiri ritifaa ya pili ifunge. Asiyejua huamini mtandao umekatika, na Kilosa dhana hiyo ni rahisi kuaminika. Jina la faili lizungushiwe alama za nukuu maradufu, au, vema zaidi, majina ya faili yasiwe na ng' kabisa.

Tatizo la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Programu za uandishi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi. Machoni ni alama ileile. Kwa kompyuta, ya kwanza ni baiti moja na ya pili, katika mfumo wa UTF-8, ni baiti tatu. Terminali iliyopangwa kusoma mfumo wa zamani wa Windows huonesha "ngâ€™ombe", na afadhali ioneshe hivyo, maana mtumiaji atashtuka. Terminali iliyopangwa vizuri kwa UTF-8 huonesha neno safi, na mtafiti akitafuta "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka hapati hata moja kati ya yale yaliyoandikwa kwa iliyopinda. Idadi anayoiripoti katika tasnifu inakuwa pungufu, na hakuna mtahini atakayeiona kasoro kwa kusoma. Katika utafiti wa sauti au wa marudio ya maneno, ving'ong'o ndivyo vitakavyoathirika, navyo si haba: ng'ambo, ng'oa, king'ora, mng'ao. Ritifaa zote zibadilishwe kuwa za aina moja kabla ya hesabu yoyote, na hatua hiyo itajwe katika sura ya mbinu za utafiti.

Kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwayo miswada mingi ya mwambao iliandikwa, hali ni ngumu zaidi. Terminali hugawa skrini katika visanduku vilivyo sawa, herufi moja kwa kisanduku, kutoka kushoto kwenda kulia. Hati hii huenda kulia kwenda kushoto, herufi huungana na kubadili umbo, na irabu huandikwa juu au chini ya konsonanti. PuTTY na mlterm zina uwezo wa kugeuza mwelekeo na kuunganisha herufi, na GNOME Terminal iliongezewa uwezo wa kugeuza mwelekeo mwaka 2019. Herufi za ziada ambazo Kiswahili huhitaji kwa sauti za p, ch, g na v zimo katika Unicode, lakini umbo lake hutegemea pia fonti iliyochaguliwa. Mtafiti wa miswada ajaribu programu yake kwa maneno machache yenye herufi hizo nne na irabu zote kabla ya kuitegemea. Ikishindwa, aendeshe uchakataji katika terminali na kuyasoma matokeo katika programu nyingine, kwa kuwa mara nyingi faili lenyewe ni zima na ulioharibika ni mwonekano tu.